Niliwaambia Wapange Wenyewe

Kama hukunisoma juma lililopita, sogea nikukumbushe kwa ufupi, maana hasira hainiachii nafasi ya kurefusha. Mie ni Mfaume, mwenye duka la dobi pale Kinondoni. Niliitwa kwetu Maneromango kumuuguza mjomba. Kabla ya kuondoka niliwakusanya watu wangu watatu nikawapa neno moja, na neno hilo ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Niliwaambia, "Kaeni chini, pangeni wenyewe namna nguo inavyoingia humu na inavyotoka. Nikirudi sitaki kuulizwa kitu."

Usinione mjinga. Miaka yote kila kitu kilikuwa kichwani mwangu. Bwana Mfaume, shati hili la nani? Bwana Mfaume, hii itiwe kanji au isitiwe? Bwana Mfaume, buluu imekwisha. Hata nikiwa nakula, tonge mkononi, mtu kasimama mlangoni na suruali ya Mzungu. Nilichoka. Nikasema wakiwa na akili watapanga, wasipokuwa nayo watanipigia magoti nirudi.

Na kusema kweli, nilitaka wanipigie magoti.

Mjomba alipona mvua kubwa zilipokatika, nikapanda lori nikarudi. Juma lililopita niliishia pale mlangoni kwangu, mkoba begani, nikingoja mtu aseme afadhali umekuja.

Hakusema mtu.

Walinisalimu vizuri, hilo sikatai. Bakari, mfuaji wangu, aliinuka kwenye karai akanipa mkono na mapovu yake. Elinaza, yule Mpare wa pasi, akaniamkia na pasi ya mkaa i mkononi. Kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Nikakaa kwenye kiti changu. Asubuhi ikaisha, adhuhuri ikapita, hakuna aliyeniuliza la shati wala la kanji.

Halafu kuna Adelard.

Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, sauti yake akiwa Kinondoni utamsikia Magomeni. Kazi yake kupokea nguo na kuzigawa. Nilimchukua mie mwenyewe alipokuwa hana pa kushika. Na kwa kuwa mie Mzaramo na yeye Mnyamwezi, sie ni watani. Anayeujua utani anajua mambo yake. Mtani akikutukana, unacheka. Akimwita mkeo mkewe, unamwambia mchukue, ila umchukue na mama yake. Kukasirika hakuna ruhusa. Anayemkasirikia mtani anahesabiwa mtu aliyekosa adabu za kwao.

Zamani tulicheka sana mie na Adelard. Siku ile niliporudi, akaniona nimekaa tu, akawaambia wateja, "Huyu mzee mnayemwona nimemwokota Maneromango. Nakaribishaga watu hivi hivi, moyo wangu mlaini." Wateja wakacheka. Mie nikacheka kwa meno.

Jioni, kazi ilipokwisha, akanijia bila mzaha. Akafuta kigoda kwa kitambaa, akakiweka mbele yangu.

"Bwana Mfaume, kaa nikueleze tulivyopanga."

"Mie nifundishwe duka langu?"

Akanitazama kidogo. Akasema basi, siku nitakayotaka yeye yupo. Akaenda zake. Duka na nyumba yangu ni mlango mmoja; mke wangu Mwamvita alikuwa ukumbini anapepeta mchele, akasikia yote. Akatikisa kichwa na ungo wake.

Siku zilizofuata nilikuwa naangalia kwa pembe ya jicho, maana kuuliza sitaki na kutojua kunaniuma. Mtu akileta nguo, Adelard anazifungua mbele yake. Wanakagua vifungo pamoja, wanapindua mifuko. Kisha uzi unashonwa kwenye pindo, nyumba hii rangi hii, nyumba ile rangi ile. Kutoka hapo nguo inaingia uani, na mie sijui tena imefuata njia gani. Ninachojua ni kwamba mwenyewe anakuja kuichukua ikiwa kamili. Ule ugomvi wa vifungo, uliokuwa hauishi barazani kwangu, ulikuwa umehama.

Ungefurahi, wewe? Labda. Mie nilikuwa naumia.

Siku moja memsahibu mmoja wa Oysterbay alisimamisha motokaa yake mlangoni. Nikainuka, nikaweka kofia sawa, nikamkaribisha. Akauliza kama Adelard yupo. Nikamwambia mie ndiye mwenye duka. Akasema vizuri sana, akatabasamu, akauliza tena kama Adelard yupo.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, nautaja kwa jina lake. Duka nimelianza mie na karai la kuazima na jiwe la kufulia. Mikono imenichubuka humo. Nimewapata Wazungu kwa kubisha hodi jikoni kwao na kufukuzwa na mbwa. Leo nakaa kitini mwangu kama mteja aliyekuja kungoja shati, na mtu niliyemwajiri anaitwa kwa jina na wake za Wazungu.

Nikasema lazima wanione kuwa nipo. Nikamwagiza Elinaza aanze na suti ya karani mmoja wa bomani, maana yule mtu mkubwa na mie nataka urafiki wake. Elinaza akaweka pasi chini kwa heshima zote. Akasema suti hiyo haijamfikia, bado iko kwa Bakari. Nikaenda kwa Bakari. Bakari akasema naye hawezi kuitanguliza, kwani nguo haipiti nguo nyingine, hata awe nani mwenyewe.

"Nani kasema?"

"Tulipanga, bwana."

Tulipanga. Neno hilo nililisikia mpaka nikalichukia. Nikitaka sabuni itumike kidogo, walipanga. Nikitaka Bakari apige pasi Elinaza akienda kula, hapana, aliyefua hapigi pasi nguo aliyoifua mwenyewe, walipanga. Kwa nini asipige? Sikuuliza. Ningeuliza, ningekuwa nimeshindwa.

Sasa nikuambie lililonichoma zaidi.

Alasiri moja nilitoka msikitini mapema. Naingia uani, namkuta Mwamvita kakaa mkekani, Adelard kachuchumaa mbele yake, vichwa vimekaribiana, wanazungumza kwa sauti ya chini. Katikati yao kikapu cha nyuzi za Mwamvita, zile anazoshonea kofia. Waliponiona wakanyamaza.

"Karibu shemeji," akasema Adelard. "Tulikuwa tunakuteta hapa mie na mke wangu."

Ni utani ule ule wa siku zote. Siku zote ningemjibu. Siku ile nilisimama namtazama mpaka akainuka, akajipangusa magoti, akaenda mbele dukani.

Nikamuuliza Mwamvita walikuwa wanasema nini.

"Nyuzi."

Nikamwambia sijapata kusikia nyuzi zinazozungumzwa kwa kunong'ona. Akajibu kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma, kama nimesahau alivyolalamika asubuhi. Nyuzi ni zake. Wale wanaume hawakuwa wakijua kutofautisha zambarau na buluu, wakaja kumuuliza. Nyumba gani ipewe rangi gani kawapangia yeye, kwa sababu yeye ndiye anayewajua watu wa mtaa huu kwa majina yao na ya watoto wao. Na ningekubali kuelezwa siku ile niliyofutiwa kigoda, ningekuwa nimekwisha kujua.

"Kwa hiyo na wewe umo?"

"Uliwaambia wapange. Wakapanga. Au ulitaka wapange, halafu washindwe?"

Hicho ndicho hasa nilichotaka. Akanitazama usoni, akaanza kucheka.

"Baba Chausiku, unamwonea wivu mtani?"

"Nani ana wivu?" nikasema, kwa sauti iliyomfanya jirani akohoe ng'ambo ya ua.

Nilikuwa nao. Nao ulikuwa wa mambo mawili kwa pamoja, duka na mke. Wala usiniulize lipi lilizidi, kwa kuwa kila nilipolala upande mmoja nilimwona Adelard kasimama mlangoni pa duka, na nikigeuka upande wa pili namwona kachuchumaa mbele ya mkeka. Angalau angekuwa mtu mbaya ningemfukuza. Lakini alikuwa anafanya kazi, mbwa yule, na anaifanya vizuri.

Basi ikaja ile kanzu.

Jirani yangu Mzee Shomari, Mzaramo mwenzangu, mtu anayesikilizwa Kinondoni nzima, alikuwa anamuoza mwanawe Mwinshehe. Harusi Ijumaa, kwa wazee wa bibi harusi huko Magomeni. Kanzu ya bwana harusi ikaletwa kwetu. Adelard akaipokea, akaikagua, akaitia uzi wake wa zambarau. Bakari akaifua, akaianika.

Nikaiona pale kambani inapunga upepo, nikajisema, hii ni yangu. Kanzu za maharusi wa mtaa huu nimezinyoosha mie tangu wote hawa hawajulikani walipo. Nikaianua. Nikaitia kanji kwa mikono yangu. Nikachochea mkaa. Elinaza akafungua mdomo kusema neno, nikamkazia macho, akatoka nje kwenda kunywa maji.

Wallahi, kanzu ile iliiva. Mikono ilisimama, kifua hakina hata kunyanzi moja. Nilisahau wivu wangu kwa kitambo, nikajisikia fundi kama zamani. Kisha nikauona ule uzi pindoni. Kanzu ya harusi, na uzi wa zambarau, kama kuku aliyefungwa kitambaa mguuni asipotee. Uzi wa kikapu cha Mwamvita.

Nikaukata kwa meno.

Nikaikunja kanzu, nikaiweka rafuni upande wa dirisha, nikaenda msikitini nimenyoosha shingo. Alasiri Mzee Shomari akapita mwenyewe kuichukua. Adelard hakuwepo, amepeleka nguo Oysterbay. Nikamwambia mzee asisumbuke kumngoja. Nikaichukua pale pale nilipoiweka, nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii nimeinyoosha mie mwenyewe, mzee."

Akaniombea dua ndefu. Nikaitika amina kwa sauti ili Bakari na Elinaza wasikie.

Ijumaa tukaenda Magomeni. Wanaume tumekaa barazani, sheikh yuko tayari, ubani unafuka. Bwana harusi akaingizwa ndani kuvaa, akachelewa kutoka. Tukasikia minong'ono, kisha mtu akacheka, akajizuia. Hatimaye Mwinshehe akatoka, na kanzu imemfika magotini. Mikono ya kanzu imeishia kwenye viwiko. Kifuani imembana hata kupumua anapumua kwa hesabu.

Hapakuwa na muda wa kutafuta nyingine, sheikh ana ndoa nyingine ya kufungisha. Ndoa ikafungwa hivyo hivyo. Watani wa Kinyamwezi waliokuwepo wakapata pa kusemea. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akauliza kama bwana harusi yuko njiani anavuka maji ya mto Msimbazi. Watu wakavunjika mbavu. Mzee Shomari hakucheka. Alinitafuta kwa macho baina ya vichwa vya watu, nami nikatazama mkeka.

Asubuhi yake akaja dukani. Wateja walikuwepo, majirani wakajongea, kila mtu ana habari. Mzee hakugomba. Aliuliza tu, "Mfaume, kanzu ya mwanangu iko wapi?"

Nikamwonyesha Adelard kwa kidole. "Muulize huyo. Ndiye mwenye utaratibu."

Adelard akainama chini ya meza, akavuta kapu, akaitoa. Ilikuwa vile vile nilivyoinyoosha, haijaguswa. Akaeleza kwamba alipokagua rafu kabla ya kwenda Oysterbay aliikuta haina uzi. Nao walipanga, nguo isiyo na uzi haitoki. Inawekwa kapuni mpaka wote wakae waulizane, mwenyewe apatikane. Pale ilipokuwa akaweka nguo iliyofuata, kanzu ya mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mtu mfupi. Aliporudi akakuta rafu tupu, akaambiwa Mzee Shomari amekwisha kupewa kanzu ya mwanawe. Ya mwalimu akadhani imechukuliwa na mwalimu mwenyewe.

Kisha akauliza, "Nani aliukata uzi?"

Bakari akatazama karai lake. Elinaza akanitazama mie, akatazama pasi. Mie nikaweka kofia sawa. Adelard akanisoma usoni, na najua alijua. Angeweza kunimaliza pale pale mbele ya Mzee Shomari.

Badala yake akapiga paji la uso wake. "Basi nimekumbuka. Ni panya. Tuna panya mmoja humu wa Kizaramo, mzee kabisa, meno marefu, anavaaga na kofia."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Shomari mwenyewe akacheka, mabega yakamtikisika, hasira yote ikamtoka. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kucheka, kusema Mnyamwezi huyu ana wazimu, kumuomba mzee radhi, mambo yakaisha.

Lakini nyuma ya pazia nikasikia Mwamvita naye anacheka. Anacheka kwa raha, kicheko chake kile cha tangu usichana, ambacho mie sijakisikia tangu nirudi kutoka Maneromango ila siku ile ya nyuzi.

Nikamzaba Adelard kofi.

Lilikuwa kofi hasa, la mkono wa mtu aliyekamua mashuka miaka mingi. Kicheko kikakatika. Mzee Shomari akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Umempiga mtani kwa hasira," akasema, wala hakuwa anauliza.

Nikamwambia Adelard achukue virago vyake, hana kazi kwangu. Sikujali nani yupo. Adelard akajishika shavu. Hakuchukua virago. Alitembea mpaka mlangoni, akaweka kiganja chake kwenye mwimo, akakikandamiza.

"Nimeshika," akasema.

Asiye wa kwetu hatajua uzito wake. Mtani akikosewa ana haki ya kushika kitu chako, na akisema nimeshika, kitu hicho si chako tena mpaka ukikomboe kwa atakalotaka yeye. Kwa kawaida ni kofia, au kuku, au sufuria ya ubwabwa msibani. Wanakitoa, mnacheka, mnakula pamoja.

Nikamuuliza ameshika nini, mlango?

"Duka."

Watu wakacheka tena, kicheko cha kupoza moyo, wakidhani utani umerudi. Adelard hakucheka. Mzee Shomari akasema shauri hili litakaliwa Jumapili alasiri, hapo hapo barazani, na pande zote mbili waje wazee wao.

Utasema hiyo si sheria ya serikali, ningekwenda kwa liwali nikamshitaki. Ningeweza. Liwali angenipa duka, lakini nguo angenipa nani? Mtu aliyempiga mtani na akakataa kukomboa, nani Kinondoni atamletea kanzu yake? Nani Magomeni? Hata kwenye msiba wangu wasingekuja kunizika vizuri. Ningebaki na karai na jiwe.

Kwa hiyo nikajitayarisha. Nikamtafuta jogoo, jogoo wa maana, mkia unaburura chini. Nikamfunga kamba mguuni, nikamweka tayari pembeni mwa baraza. Nikajiambia nitamtoa, nitaomba radhi kidogo, watacheka, na Jumatatu nitapanga upya kila kitu mwenyewe. Adelard nitamweka kwenye karai.

Mwamvita siku hizo mbili alinipikia, akanitengea, hakusema nami ila la lazima. Nilimuuliza kama anamsikitikia mtani wake. Akasema anaisikitikia kazi.

Jumapili wakajaa. Wanyamwezi wa Kinondoni walikuja na wake zao, Wazaramo wakaja, na wateja wakaja, kila mtu na kigoda chake au mkeka wake. Elinaza alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, tai shingoni. Mzee Shomari akakaa katikati. Akaanza kwa kutaja kanuni, ili asije mtu akasema hakujua. Kilichoshikwa na mtani hukombolewa na mwenyewe. Mwenyewe akishindwa, yeyote wa nyumba ile anaweza kukomboa. Lakini aliyekomboa ndiye mwenye nacho tangu siku hiyo. Wazee wote wakaitikia ndivyo.

Nikainuka na jogoo wangu. Nikasema nilipitiwa na hasira, mtani anisamehe, na huyu hapa wa kushushia hasira. Watu wakamsifu jogoo. Mnyamwezi mmoja akasema jogoo anamzidi mwenyewe kwa sura, wakacheka, nami nikacheka, safari hii kwa moyo wote, maana niliona nimeshatoka.

Adelard akamtazama jogoo.

"Simtaki."

Mzee Shomari akamuuliza basi anataka nini. Nilidhani atataka mbuzi. Nilianza kupiga hesabu nitamtoa kwa nani.

"Mie sitaki kitu cha kula," akasema Adelard. "Alituambia tupange, tukapanga. Nikafuta kigoda nimweleze, akakataa. Akatuharibia kazi, nikamfichia. Akanipiga. Sasa nataka anieleze yeye. Nguo ikiingia dukani kwake, inapita wapi na wapi mpaka itoke. Anieleze mwanzo mpaka mwisho, nami naondoa mkono wangu, na kazi yake naacha. Asipojua, basi duka hili ana haki gani nalo?"

Wanyamwezi wakapiga makofi. Kisha hata Wazaramo wangu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, na Mzee Shomari akasema ni ombi la haki, tena rahisi. Mtu hashindwi kueleza duka lake.

Nikasimama pale na kamba ya jogoo mkononi.

Nikaanza. Nikasema nguo inapokewa na mwenyewe akiwepo. Inafunguliwa, vifungo vinakaguliwa, mifuko inapinduliwa. Nikaona vichwa vinaitikia, nikapata nguvu. Nikasema inatiwa uzi pindoni, kila nyumba rangi yake.

"Halafu?" akauliza Adelard.

Nikasema halafu inakwenda uani kwa Bakari.

Bakari akainamisha uso. Elinaza akajifanya anaweka tai vizuri. Sikuwa nimepatia. Kati ya uzi na karai kulikuwa na jambo, walilipanga pale pale kwenye duka langu, nami sikulijua. Nikatafuta kichwani, kule kulikokuwa na kila kitu zamani. Hamna.

Ndipo Mwamvita alipoinuka mkekani kwa wanawake, akafunga khanga yake vizuri. Akamwamkia Mzee Shomari, akaomba ruhusa ya kusema, akapewa. Hakumtazama Adelard. Alinitazama mie tu.

"Mie najua," akasema. "Kutoka uzi mpaka kukabidhi. Lakini kanuni umeisikia, Baba Chausiku. Nikisema mie, nimelikomboa mie. Unataka niseme?"

Baraza zima likanigeukia. Angesema, duka lingebaki nyumbani kwangu, na mie ningekula humo kama kawaida. Ila lingekuwa lake. Na kila asubuhi angelifungua yeye na Adelard, wakipanga.

Nilimwona Adelard anamtazama mke wangu, anangoja aseme, na macho yake yamejaa heshima.

"Kaa chini," nikamwambia Mwamvita. "Nitasema mwenyewe."

Akakaa. Akajifunika khanga kichwani, akageuza uso pembeni. Mzee Shomari akasema haya, mwenyewe ameamua, tumsikilize. Adelard akasogea mpaka mbele yangu, hana tena mzaha wala hasira, akaniuliza taratibu.

"Halafu?"